Kidole Gumba

Zoezi la kwanza, alisema Mwalimu Lukindo,
ni kitu kisichokimbia.
Leteni kimoja cha nyumbani,
mkitazame mpaka chenyewe kiwachoke.

Nikaiteremsha pasi ya mkaa ya Bibi
kutoka juu ya kabati la mama, Buguruni,
imefungwa kanga iliyofutika jina.
Mama akasema: ukiidondosha
ndugu za baba yako watanila nyama.

Bi Sikudhani binti Pazi alinyoosha nayo
sare za watu wa reli, usiku kwa usiku,
akawasomesha baba na shangazi Mgeni
kwa kola na mikunjo ya suruali.
Jogoo wa kwenye kifuniko hana kishungi.
Aliyekivunja tunamjua wote, hatumtaji.

Studio yangu: stuli,
manila nyeupe ya Kariakoo
niliyoibandika ukutani kwa ugali uliolala,
na dirisha linalotazamana na bati la jirani.
Kamera ya mtumba,
lenzi imeingia ukungu pembeni.

Nilianza kwa kuisugua pasi, majivu na ndimu,
nikidhani namtendea Bibi heshima.
Nikapiga kwa flashi:
ikatoka kama kielelezo cha kesi ya wizi.
Nikapiga kwa tochi ya simu:
ikawa bidhaa ya mnadani.
Ya kumi na saba, jogoo kaonekana, pasi haimo.
Ya thelathini sitaki kuizungumzia.

Mwalimu alizipitisha kidole moja moja.
"Umemnawisha uso," akasema.
"Sasa huyu nani?"
Halafu, akiwa tayari ameshika mlango:
"Zima kila unachoweza kuzima.
Acha jua liingie kwa ubavu."

Siku iliyofuata Tanesco wakanisaidia kuzima.
Nikakaa sakafuni, jasho, feni imekufa,
nikisikiliza mtoto wa jirani akikariri jedwali la saba
na kukosea palepale, saba mara nane.
Saa kumi na robo
mwanga ukapenya kati ya bati na tangi la maji,
mwembamba, wa kuazima,
ukalala juu ya mpini wa mninga.

Na kibonde kikainuka.

Kidogo, kiasi cha kidole gumba,
kimelambwa na miaka mpaka kikawa laini,
upande wa kulia wa mpini.

Nikashika kwa mkono wa kulia
kama nilivyofunzwa kushika kila kitu:
gumba likaangukia kushoto,
mbao kavu, pasipojua mtu.
Nikabadilisha.
Mkono wangu wa kushoto,
huu uliofungwa kitambaa nilipokuwa darasa la pili,
huu ambao shangazi Mgeni aliapa
kwamba haukutoka upande wao,
ukaingia kibondeni
kama mguu kwenye kandambili yake.

Bibi.
Mchana ulikula kwa kulia, ulipokea kwa kulia,
kofi lako lilitoka kulia.
Usiku, mlango umefungwa, mkaa umekolea,
na shati la mtu wa reli halina mdomo wa kusema.

Nikapiga moja tu.
Jua likaondoka bila kuaga.

Mwalimu alinipa sita kati ya kumi.
Giza limezidi, alisema, manila imejikunja kona,
na mkia wa jogoo umekatwa na fremu.
Kweli yote.

Mama aliikuza picha kwa vidole viwili,
akaikuza tena.
Akaichukua pasi yenyewe, akaijaribu huku,
akaijaribu huku.
"Umeyatoa masizi yake," akasema,
wala hakuwa na hasira.
Akairudisha juu ya kabati, safari hii bila kanga.

Usiku nikamsikia uani, kwenye simu,
sauti ameipunguza kwa makusudi
ya mtu aliyengoja miaka ishirini na sita:
"Wifi, umekaa?
Basi kaa kwanza."